Kuchora Hekalu la Zamani Mjini Tanga Pamoja na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kikundi chetu kikitangaza Jumapili ya kuchora hekalu la Wahindu, simu inajaa ujumbe, na maswali ni yaleyale. Nimeyaweka yote hapa, pamoja na yale ambayo watu huyauliza kwa kunong'ona. Soma kabla hujawaahidi watoto.

Ni hekalu lipi hasa?

Lile tunalolichora mara nyingi liko upande wa mjini, ng'ambo ya reli ukitokea Ngamiani. Jina lake hatuliandiki mtandaoni kwa sababu wenyewe wametuomba hivyo. Wanakaribisha wageni, ila hawataki msururu. Ukijiandikisha utaelekezwa. Ukishuka kwenye daladala mjini unatembea kidogo tu. Wenye baiskeli sina la kuwaambia, hii ni Tanga.

Lazima niwe najua kuchora?

Hapana. Wanaojua sana ndio hutusumbua, maana hukaa kukosoa daftari za wenzao.

Ruhusa tunaomba kwa nani?

Hata ukiruka majibu mengine yote, hili lisome. Hekalu ni nyumba ya ibada inayotumika leo. Tongoni unalipa kiingilio, unachora magofu ya msikiti na makaburi mpaka penseli iishe, basi. Hekaluni kuna mtu ameamka alfajiri akaoga ili aje kusali, na wewe umekaa njiani kwake na sanduku la rangi.

Kikundi chetu huwaandikia wanakamati wa hekalu mapema. Ukienda na familia yako peke yenu, fika getini, piga hodi, msalimie mlinzi, muulize kama maharaj yupo. Ndivyo waumini wanavyomwita kuhani wao. Ukimkuta kwenye ibada, ngoja nje. Ukimwona mzee wa Kihindi barazani, shikamoo yako inatosha. Wazee wengi wa hapa wamezaliwa Tanga, na Kiswahili chao kina ladha ya Tanga kuliko cha sisi tuliokuja na mabasi kutoka bara. Ukitaka kumfurahisha zaidi, kutanisha viganja kifuani useme "Jai Shri Krishna", salamu ya kila siku ya Wagujarati, yaani watu wa Gujarat, magharibi mwa India.

Kisha mwambie waziwazi mko wangapi, mtakaa wapi na mtaondoka saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalomtuliza mwenyeji, kwani mgeni asiye na saa ya kuondoka ni mzigo. Muulize pia sehemu msizotakiwa kuchora. Kwa kawaida ni chumba cha ndani kabisa, garbhagriha, mlimo na murti, yaani sanamu takatifu, ya mungu mkuu wa hekalu. Hicho hatukichori hata tukiruhusiwa. Kuta za nje, mnara, nguzo, mlango na ua vinatosha kutushughulisha mwaka mzima.

Wengine hutuambia jengo la zamani ni mali ya taifa, kwa hiyo kibali kitoke serikalini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Jengo la enzi ya Mjerumani au Mwingereza haliingii humo mpaka litangazwe rasmi. Na hata likitangazwa, hodi inabaki pale pale.

Mwenyeji akisema leo haiwezekani, basi haiwezekani. Usimtume mtoto akamlilie.

Sisi ni Waislamu. Inafaa kwenda?

Swali hili huja faraghani, na Wakristo nao huliuliza. Hatuendi kuabudu. Tunakaa uani au ng'ambo ya barabara, tunachora jengo, tunaondoka. Hakuna atakayekuambia uiname, ugonge kengele au upakwe alama kwenye paji la uso. Ukikaribishwa kwa lolote kati ya hayo, weka mkono kifuani, tabasamu, sema ahsante. Wamezoea, wameishi na Waislamu mlango kwa mlango miaka mingi.

Familia ambazo hazichori viumbe wenye roho huwa na kazi tele, na daftari zao ndizo ninazozipenda kuzitazama. Kuna matao ya mlango, kuna petali za yungiyungi zinazojirudia chini ya kila nguzo, kuna jali, yaani ukuta uliotobolewa kwa maumbo ili upepo upite na macho yasipite. Aliyezoea kuchora milango ya nakshi ya nyumba za Waswahili atakuta mkono wake unajua njia, kwani mafundi wa pwani hii na wa Gujarat wamekuwa wakiigana tangu enzi za majahazi.

Moyo usipotulia, muulize sheikh wako au mchungaji wako kabla hujaja. Halafu kaa ng'ambo ya barabara, ambako kusema kweli mnara unaonekana vizuri zaidi. Tunamaliza kabla ya adhuhuri kwa hiyo swala haiguswi, na wanaotoka misa ya kwanza wanatukuta ndiyo kwanza tunachonga penseli.

Tuvae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Dera, baibui, suruali pana, kanga juu ya gauni, vyote sawa. Mikanda na mikoba ya ngozi ibaki nyumbani, kwa kuwa kwa Wahindu ng'ombe ana heshima yake. Hijabu na kofia hazina tatizo kwa hekalu letu. Kofia ya jua yenye ukingo ivue ukiwa mbele ya mlango wa ibada.

Na mwanamke aliye kwenye siku zake?

Mapokeo ya Wahindu wengi humtaka asiingie sehemu ya ibada wakati huo, jambo ambalo halitakuwa geni kwa wanawake wa Tanga. Chora ukiwa nje ya ua, upande wa barabarani. Hakuna anayeuliza na hakuna anayehesabu nani yuko wapi.

Viatu tunavua?

Ukivuka kizingiti cha ua, ndiyo. Njoo na soksi, sakafu iliyopigwa na jua mpaka saa tano inaunguza. Viatu vya watoto vyote viingie mfuko mmoja, maana kandambili zinazofanana zimeshagombanisha ndugu. Na kila safari yuko baba mmoja atakayeona rundo la viatu mlangoni akakumbuka methali ya Baniani na kiatu chake. Tafadhali, baba huyo ainyamazie mpaka afike kwake.

Saa ngapi, na mwezi gani?

Tunaanza saa moja na nusu asubuhi, tunafunga saa nne na nusu. Mahekalu mengi hufungwa mchana. Murti ikishasimikwa kwa ibada hutunzwa kama aliye hai. Huamshwa, huoshwa, huvikwa, hulishwa, na mchana huachwa ipumzike. Milango hufunguliwa tena alasiri, na jioni kuna arti, ibada ya kuzungusha taa za samli huku kengele zikilia. Inavutia sana kuitazama, ila usije na daftari wakati huo.

Mahekalu mengi ya Kihindu hutazama mashariki. Saa moja jua linapiga usoni mwa jengo moja kwa moja, na nakshi zote zinalala, huoni kina. Kuanzia saa tatu jua likipanda, kila ukingo unaangusha kivuli chini yake. Petali zinaachana na nguzo, herufi zilizochongwa juu ya mlango zinasomeka. Dakika hizo ndizo za kuchora. Zile za mwanzo zitumie kutafuta mahali pa kukaa na kupima.

Kuhusu mwezi, kumbuka Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini barabara, na vivuli vinajikunyata chini ya vitu vyenyewe. Katikati ya tarehe hizo, yaani kipindi chote cha kipupwe, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini unang'aa, na kivuli cha kukalia kiko kusini. Desemba na Januari mambo yanageuka. Aliyekuja Juni akapata mahali pazuri penye kivuli, akirudi Desemba atakuta papo hapo panachoma, kisha atatulaumu sisi.

Mimi napenda Juni hadi Septemba. Masika imepita, kusi inavuma, na watoto hawalalamiki joto. Upepo huo unapeperusha karatasi, lakini dawa yake ni vibanio.

Tubebe vifaa gani?

Usinunue vitu vya bei mbaya kwa safari ya kwanza. Kila mtu awe na daftari lisilo na mistari au karatasi nyeupe za fotokopi, penseli ya HB ya kupangia na ya 2B au 4B ya vivuli, kichongeo na raba moja ya familia nzima. Nasema moja makusudi. Mtoto mwenye raba yake mwenyewe hufuta kuliko anavyochora.

Ubao wa kuegeshea ni kipande cha boksi gumu, na vibanio vya nguo viwili vya kushikia karatasi. Ukitoboa dirisha dogo kwenye kadibodi ya dawa ya meno unapata fremu ya kuchungulia. Mtoto anaisogeza mbele ya jicho mpaka apate kipande cha hekalu anachokitaka, na ghafla jengo kubwa linalotisha linakuwa picha yenye mipaka minne. Kwa wenye rangi za maji, chupa ya maji machafu inarudi nyumbani na mwenyewe. Usiimwage kwenye mmea ulio uani kabla hujauliza. Ukiona mrehani umeoteshwa kwenye jukwaa lake maalumu la saruji, huo ni tulsi, nao ni mtakatifu.

Maji ya kunywa, kanga ya kutandika, mwavuli. Basi.

Jengo lina nakshi nyingi mno. Naanzia wapi?

Watu wengi huanzia kwenye nakshi. Mtu anaona yungiyungi juu ya nguzo, analichora vizuri kweli katikati ya karatasi, halafu mnara unakosa mahali pa kukaa.

Anza na mstari mmoja wima, mwepesi. Ukitazama hekalu kwa mbele, pande mbili zinalingana, na vitu vyote muhimu vimepangwa juu ya mstari huo. Juu kabisa iko bendera, halafu kalasha, kile chungu kidogo cha chuma kinachokaa kileleni. Chini yake unakuja mnara wenyewe, shikhara, kisha paa la ukumbi, kisha mlango. Weka alama tano kwenye mstari kabla hujachora chochote cha pembeni.

Kisha pima. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, shika penseli wima, fumba jicho moja. Ncha ya penseli iguse kilele, kidole gumba kiteremke mpaka paa la ukumbi. Urefu huo unaingia mara ngapi kwenye upana wa jengo? Jibu liandike pembeni. Ukikunja mkono katikati ya kupima, vipimo vyako vyote vimekuwa uongo, na watu hukunja mkono kila wanaposemeshwa. Wakati wa kupima hatuongei.

Mnara wa mtindo wa kaskazini mwa India, ambao ndio Wagujarati walikuja nao, si pembetatu. Unapanda ukiingia ndani taratibu, umegawanyika mbavu za wima, umejaa katikati na umebanana juu, gunzi la mahindi lililosimamishwa. Chora pembetatu hafifu, kisha ipe tumbo kila upande. Tumbo la kushoto likizidi la kulia, geuza karatasi juu chini uitazame. Kosa unaliona palepale, maana jicho limesahau kwamba linatazama hekalu.

Siyo kila hekalu lina mnara mkubwa. Mengine ya miji yetu kwa nje ni nyumba tu ya mtaani, na unalitambua kwa mlango. Hapo achana na paa, kaa na mlango.

Ukishapata maumbo makubwa, chagua kitu kimoja kidogo. Pale kwetu kuna nguzo karibu na bomba la maji ambayo rangi yake imebanduka. Juu ni njano, chini yake samawati, chini zaidi chokaa, na palipovunjika kabisa linaonekana jiwe la matumbawe lenye vitundu vyake, na ndani ya kitundu kimoja kipande cha kombe bado kimekaa. Fundi aliyelikata jiwe lile alilitoa ukanda huuhuu wa pwani. Wapo wanaokuja kila mara na hawajawahi kuchora kitu kingine zaidi ya hiyo nguzo, nami siwaulizi.

Vivuli visikutishe. Fumba macho nusu, ukungu utafuta vitu vidogo na zitabaki rangi tatu, yaani nyeupe ambayo ni karatasi tupu, kijivu, na nyeusi ya ndani ya mlango. Mlango ujaze mweusi kweli. Wanaoanza huogopa weusi, ndiyo maana milango yao inaonekana kama imebandikwa ukutani.

Nina mtoto wa miaka minne. Atachoka?

Baada ya nusu saa, ndiyo. Mtoto wa umri huo anachora anachokijua, hachori anachokiona. Ukimwambia achore hekalu atachora nyumba, jua lenye miale kwenye kona, na wewe ukiwa mkubwa kuliko mnara. Mwache hivyohivyo. Mpe kazi ya kutafuta: kengele iko wapi, tembo yuko wapi, ua la petali nyingi kuliko yote liko wapi. Jani la mwembe chini ya karatasi ukalisugua kwa ubavu wa penseli humpa furaha ya haraka. Majani ndiyo yasuguliwe, kuta hapana. Nakshi ya chokaa ikiwekewa karatasi na kusuguliwa hutoka na unga wake, kidogo kidogo, na mwisho inafutika.

Wa miaka minane na kuendelea wape kalamu ya wino badala ya penseli. Wakijua hakuna kufuta, wanatazama mara mbili kabla ya kuweka mstari. Na njooni watu wazima wawili, mmoja wa kuchora na mmoja wa kukimbizana.

Watoto watauliza kuhusu tembo na nyani. Niwajibu nini?

Wajibu unachojua, na usichokijua wamuulize maharaj. Hufurahi kuulizwa.

Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha. Wahindu humwomba kwanza kabla ya kuanza jambo lolote kwa sababu ndiye anayeondoa vikwazo, ndiyo maana mara nyingi yuko juu ya mlango. Tazama pembe zake, moja imekatika. Miguuni pake kuna panya, ndiye kipando chake, na watoto hawaamini mpaka wamwone. Mwenye sura ya nyani ni Hanuman. Akionyeshwa amebeba mlima kiganjani, kisa chake ni kwamba alitumwa mitishamba ya kumponya shujaa Lakshmana aliyejeruhiwa vitani. Hakuutambua mti wenyewe, akang'oa mlima mzima. Kisa hiki watoto hukichora nyumbani bila kuombwa. Mwenye filimbi na ngozi ya samawati ni Krishna. Ukikuta ng'ombe dume wa jiwe amelala akitazama mlango, huyo ni Nandi, kipando cha mungu Shiva, naye hamwondolei bwana wake macho. Usikae wala usisimamishe kiti chako kati ya Nandi na mlango.

Wakubwa wa sekondari watauliza swali gumu zaidi, kwa nini kuna alama ya Hitler ukutani. Ni svastika, alama ya heri ambayo Wahindu wamekuwa nayo maelfu ya miaka kabla ya chama cha Nazi kuichukua, kuiinamisha na kuichafua. Wafanyabiashara wa Kigujarati huichora hata kwenye kurasa za kwanza za vitabu vipya vya hesabu, ambavyo huombewa wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa. Mwanafunzi aichore akipenda, ila amweleze mwalimu wake ni ya wapi kabla daftari halijazua mjadala.

Naweza kupiga picha nikachore nyumbani?

Kwa nje, ukiruhusiwa. Lakini simu inabana mnara na kupindisha nguzo, na aliyechora kutoka kwenye picha namjua bila kuambiwa. Picha moja ya kukumbuka vivuli inatosha. Waumini wasionekane humo, na chumba cha ndani usikipige hata kwa mbali.

Wahindu walifikaje Tanga?

Kwanza kwa upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, majahazi ya Kutch na Kathiawar, sehemu za Gujarat, yaliteremka pwani hii na nguo na vyombo, yakasubiri kusi iyarudishe na pembe za ndovu na sandarusi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch wa jamii ya wafanyabiashara Wahindu iitwayo Bhatia, ndiyo iliyokodishwa na Sultani wa Zanzibar kukusanya ushuru wa forodha, na mkono wake ulifika bandari za Mrima, yaani pwani hii ya bara. Wafanyabiashara Wahindu wa siku zile wengi wao waliacha wake na watoto India. Familia zilikuja baadaye, na pamoja nazo sherehe na haja ya mahali pa kuzifanyia.

Tanga tunayoiona ilipanuka kwa reli. Wajerumani walianza kuitandika hapa mwaka 1893, na karibu miaka ishirini ikapita kabla haijafika Moshi. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62, na hiyo ndiyo asili ya mashamba yote yaliyoupa mkoa huu jina. Reli na mashamba vilitaka maduka, makarani wa hesabu, mafundi wa mbao na wa mawe, na wengi wa hao walitoka Gujarat.

Walikuja pia kwa njia mbaya. Novemba 1914 Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwangoja akiwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akawarudisha baharini. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliuma bila kuchagua upande. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wahindu na Waislamu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Tanga, katika mji ambao wenzao kutoka kwao walikuwa tayari wanauza nguo.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wakahama nchi. Mkonge nao ukaanguka. Ndiyo sababu unakuta ua mpana uliojengewa umati, na asubuhi wamo wazee wachache na mlinzi. Rangi inayobanduka kwenye ile nguzo ina maelezo hayo nyuma yake. Watu wakipungua, wa kuchangia rangi nao wanapungua.

Siku za sikukuu je?

Kama watazamaji, mkikaribishwa, ndiyo. Navaratri huwa Septemba au Oktoba, usiku tisa wa kucheza garba kwa duara. Diwali huangukia usiku wa giza usio na mwezi, Oktoba au Novemba, na siku inayofuata ni mwaka mpya wa Wagujarati. Siku hizo kizingiti hupambwa kwa rangoli, michoro ya unga wa rangi iliyochorwa kwa vidole bila penseli. Wanaojiona wachoraji waende wakaitazame. Watoto wasiikanyage.

Tule wapi? Na tukipewa chakula?

Ndani ya ua hakuna kula chakula mlichobeba. Nyama, samaki na mayai hata kwenye mkoba visiingie, kwa hiyo sambusa za nyama zisubiri. Kachori za viazi na mihogo ya kukaanga tunakula baadaye, kwenye kivuli huko mjini.

Huenda maharaj akawapa watoto prasad, tunda au kitu kitamu kilichotolewa kwanza kwa ibada. Anayepokea anapokea kwa mkono wa kulia na hatupi mabaki chini. Familia ambayo haili kilichotolewa kwenye ibada ikatae kwa upole. Waelezeni watoto mkiwa bado nyumbani, kwa sababu kumnyang'anya mtoto laddu mkononi mbele ya aliyempa ni aibu kwa wote watatu.

Bibi anataka kuja lakini hawezi kukaa chini.

Aje na kiti chake cha plastiki. Atawekwa kwenye kivuli bora, na mara nyingi huishia kupiga soga na wazee wa pale kuhusu maduka ya zamani na nani alioa wapi. Daftari lake hurudi jeupe.

Mvua ikinyesha?

Tunahamia Makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, au tunaahirisha. Kujibanza hekaluni kwa kuwa mvua imetukuta, hapana, isipokuwa wenyewe watuite.

Kuna malipo?

Kwetu hakuna. Hekaluni kuna sanduku la mchango, weka unachoweza. Kikundi hununua chokaa au ufagio mara mojamoja, kulingana na wanachosema kinahitajika.

Naweza kuuza mchoro wangu au kuuweka mtandaoni?

Mchoro wa jengo, ndiyo. Waonyeshe kwanza wenyeji siku ileile, kabla hujafunga mkoba. Wakitaka nakala wape. Ukimchora mtu akisali, hata kama ndio mchoro wako bora, usiuuze wala usiuweke popote bila yeye kukubali. Na kwenye maelezo ya picha andika Tanga tu, mtaa usiutaje.